Risasi Mia za Shemeji

"Hizi siyo zangu, shemeji! Usinifanye mtoto mdogo. Risasi zangu nazijua kama ninavyozijua pete za dukani kwangu."

Sonara aliishika karatasi ya shabaha kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya mfu. Ilikuwa na matundu matano na kila tundu limekwenda kivyake: moja juu kushoto, moja chini kabisa, la tatu limetoka nje ya duara zote, na mawili yaliyobaki wala hayakutazamana. Majuma matatu nyuma, kwa bunduki hiyo hiyo na hatua zile zile ishirini na tano, matundu yake matano yalifunikwa na sarafu moja, na pembeni pakabaki nafasi.

"Ni zako," akasema fundi baiskeli. "Mia nilichukua, mia nimerudisha. Sijapiga hata moja. Springi ya bunduki yangu ilikatika siku ile ile nilipozifikisha nyumbani, na nilikwambia."

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Sasa zangu ziko wapi?"

Fundi baiskeli akatazama chini. Alikuwa mtu mrefu, mikono yake haitoki weusi wa grisi hata aisugue kwa mchanga, na miaka kumi na mmoja alikuwa amemwoa mdogo wake sonara bila mtu kusikia sauti imepandishwa. Wawili hao walikuwa shemeji wa kweli, wa kuazimana koti na kulirudisha limefuliwa. Ndiyo maana wenzao wawili waliokuwa pale walikosa pa kuweka macho.

Wenzao hao walikuwa Mwalimu na Nesi. Mwalimu alikuwa amestaafu lakini rula yake haikustaafu. Kila tundu kwenye karatasi alilipima, akaandika kwenye daftari la mistari kwa kalamu nyekundu. Nesi alikuwa na mkono usiotetemeka na ulimi usiopumzika. Kila Jumamosi asubuhi wanne hao walikutana nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, mahali penye ukuta mnene na magunia ya mchanga, kwa ruhusa ya mlinzi, wakapiga bunduki za upepo.

Bunduki ya upepo haina baruti. Unaivunja kiunoni, unapachika risasi, unaifunga. Ndani, springi inaisukuma pistoni, pistoni inausukuma upepo, na upepo unakisukuma kipande cha risasi kidogo kuliko punje ya hindi. Kinachouawa ni karatasi. Lakini ukiwasikiliza wanavyobishana ungedhani wanailinda nchi: risasi za kichwa bapa na za kichwa cha mviringo, nyepesi na nzito, za kopo la bluu na za kopo jekundu. Kila mmoja alikuwa na imani yake na hakubadili.

Imani ya sonara ilikuwa mizani. Dukani alikuwa na mizani ya dhahabu inayojua tofauti ya unywele na unywele, na juu ya mizani hiyo alipima kila risasi, moja moja, kopo zima la mia tano. Kwanza aliziosha kwa maji ya sabuni, akazianika kwenye kitambaa, kisha akazigawa kwenye trei ya mayai kwa uzito. Zilizolingana kabisa aliziita daraja la kwanza. Kopo zima lilitoa mia na ushei tu.

"Unaziosha kwa sabuni," Nesi aliwahi kumwambia, "na vyombo vya kwako jana nimevikuta vimelala."

"Vyombo havipigi shabaha."

"Mkeo je? Anapiga?"

Walicheka siku hiyo mpaka Mwalimu akadondosha rula. Siku hii hakuna aliyecheka. Sonara alikuwa amemwazima shemeji yake risasi mia za daraja la kwanza, zimefungwa kwenye mfuko wa hereni, na sasa alikuwa akisema mbele ya watu kwamba alichorudishiwa ni takataka za kopo jekundu.

"Shemeji," akasema fundi baiskeli taratibu, "unaniita mwizi?"

Hapo mtu mwenye akili hujikwaa kwa makusudi, akakohoa, akasema jua kali. Sonara hakukohoa. "Mimi nauliza tu risasi zangu ziko wapi. Jina utajipa mwenyewe."

Mwalimu akafunga daftari. Nesi akaanza kuifunga bunduki yake kwenye mfuko. Wote wawili waliamini mizani, na mwenye mizani alikuwa ameshasema.

"Basi," fundi baiskeli akasema. "Nitakulipa mia nyingine." Akachukua baiskeli yake ukutani, na njia nzima ya matofali yaliyovunjika aliisukuma bila kuipanda.

*

Jumatatu, mke wa sonara, ambaye ni mshonaji, alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala na chupa tupu mkononi.

"Nani kamaliza mafuta yangu ya cherehani?"

Sonara alikuwa akifunga kamba za viatu. Akaendelea kufunga kamba iliyokwisha kufungwa.

"Nauliza. Cherehani inalia kama paka aliyekanyagwa, nina sketi sita za watu. Chupa nilinunua mwezi huu huu. Nani anakunywa mafuta humu ndani?"

"Nilijaribia kitu."

"Kitu gani?"

"Risasi."

Alimtazama kama mke anavyomtazama mume aliyemwoa kwa hiari yake mwenyewe na hana wa kumlaumu. "Leo nataka chupa mpya," akasema, akaondoka.

Sonara hakuinuka. Mafuta! Wiki zile mbili risasi mia zilipokuwa kwa shemeji yake, alikuwa amesikia mahali kwamba tone la mafuta kwenye kila risasi huipa kasi. Alikuwa amejaribu kwa zile za daraja la pili. Tone moja: bunduki ikalia kwa sauti nene, moshi mwembamba ukatoka mtutuni, na roho yake ikafurahi kama ya mtoto aliyepewa ngoma. Matone mawili, ikalia zaidi. Matundu yalikuwa yameanza kutawanyika, lakini alisema moyoni, hizi si ni daraja la pili? Ngoja zirudi zile mia. Zikarudi. Akazitia mafuta zile tano alizozipiga, na zingine hakuzigusa.

Alipofika dukani hakufungua dirisha la wateja. Alimwaga zile zilizobaki, tisini na tano, akawasha mizani. Ya kwanza ilisoma sawasawa. Ya pili, sawasawa. Ya kumi, ya thelathini, ya sitini. Alipofika themanini mkono ulikuwa umelowa jasho, akaufuta kwenye suruali ili asiharibu kipimo. Zote tisini na tano zililingana mpaka tarakimu ya mwisho. Huwezi kupata risasi tisini na tano za namna hiyo kwenye kopo jekundu, hata ukipewa makopo kumi. Zilikuwa zake. Zilirudi kama zilivyoondoka. Jumamosi hakuzipima kwa sababu mizani ilikuwa dukani na hasira ilikuwa naye.

Akaifungua bunduki juu ya meza ya kazi. Kizibo cha pistoni, kile cha mpira kinachobana upepo usivuje, kilikuwa cheusi kama mkaa na ukingo wake umetafunwa. Yale mafuta yalikuwa yakiwaka ndani. Upepo ukibanwa ghafla hupata moto, na moto ukikuta mafuta hauulizi ni ya nani. Ule mlio aliokuwa akijivunia ulikuwa mlio wa bunduki yake ikiungua.

Angeweza kwenda saa ile ile. Karakana ya shemeji ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale. Alivaa hata kofia. Lakini akaja mteja mwenye mkufu uliokatika, na baada ya mkufu ikaja pete ya kupanuliwa, na baada ya pete akajiambia atakwenda kesho. Na mtu akishaimeza aibu mara ya kwanza, mara ya pili inateleza.

Kizibo kipya alikikata mwenyewe kwa ngozi. Kile kilichoungua akakitia mfukoni. Hakujua kwa nini hakukitupa.

*

Jumamosi akapiga. Alizipiga zile zile alizorudishiwa na shemeji, kavu, bila tone. Matundu matano yakaingia chini ya sarafu.

"Umeona?" Mwalimu akasema, rula mkononi, uso unang'aa. "Hizi ndizo zako! Umefungua kopo jipya?"

"Mm," akasema sonara.

"Mm nini? Mtu akipiga hivi hasemi mm."

"Mwache," Nesi akasema. "Anasikitika. Mtu kuibiwa na mgeni ni wizi, kuibiwa na shemeji ni msiba. Mimi yule kaka nilimpenda, jamani. Kumbe."

Lile "kumbe" likamwingia sonara kama mwiba wa samaki, halitoki wala halishuki. Alifungua mdomo. Mwalimu alikuwa tayari ameandika kwa kalamu nyekundu: rekodi ya mwaka. Sonara akafunga mdomo.

Jioni hiyo mdogo wake akaja. Alimkuta kaka yake uani, akatoa kwenye pochi bahasha ndogo ya dawa, ile yenye mistari ya asubuhi, mchana, jioni, akamwekea mkononi. Ndani mlikuwa na risasi ishirini.

"Shemeji yako kakuletea. Anasema atamaliza kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo kwa nini? Kopo si lina mia tano?"

"Kopo lina mia tano, lakini anasema wewe unataka zinazolingana. Kaomba mizani kwa mfamasia wa jirani. Wakifunga duka anakwenda anakaa na kibano, anapima moja moja kama anayechambua mchele. Ishirini ndizo alizozipata wiki nzima. Macho yamekuwa mekundu, kaka. Sijui ninyi mnayaonaje haya mavitu."

Alipoondoka, sonara aliimwaga ile bahasha kiganjani. Zilikuwa zimeoshwa. Akashindwa kujizuia, akaingiza moja kwenye bunduki, akaipiga kwenye kipande cha ubao ukutani, ndani ya uzio. Ikaenda katikati. Akairudisha bunduki kwenye blanketi haraka, kama mtu aliyeonja chakula cha msiba kabla ya watu.

Wiki ya pili ikaja bahasha ya pili. Wiki ya tatu mdogo wake alileta ya tatu, wala hakukaa.

"Hapigi tena," akasema. "Springi kaipata, bunduki ni nzima, lakini kaifunga. Anasema akishamaliza mia ndipo atasimama mbele ya wale watu. Wateja wakimtania kuhusu shabaha, anajifanya hasikii." Akaikunja kamba ya pochi kidoleni. "Kaka, niambie kweli. Kama alizichukua, niambie tu. Sitagombana. Nataka kujua nalala na mtu gani."

Hapa ndipo sonara alipaswa kusema. Maneno yalikuwa matatu tu, na mtoto wa chekechea angeyatamka. Akasema, "Mambo haya magumu, mdogo wangu."

Mdogo wake akatikisa kichwa polepole, akashukuru, akaenda. Alishukuru! Alichukua ule mkato wa maneno akaufanya jibu, na jibu lake lilikuwa ndiyo.

Mkewe sonara alikuwa nyuma ya mlango na kapu la nguo. Hakuwa akisikiliza, alikuwa akipekua mifuko ya suruali kabla ya kufua, na mkononi alikuwa na kitu cheusi cha duara, kimetafunwa ukingo, kinanuka mafuta ya cherehani. Alikuwa ameshona kwa mafuta hayo miaka ishirini. Hakuhitaji kuuliza lakini akauliza.

"Hiki nini?"

Basi sonara akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema yote, tangu tone la kwanza. Mkewe alisikiliza kapu likiwa kiunoni.

"Kwa hiyo tangu Jumatatu ile unajua."

"Tangu Jumatatu ile."

"Na wifi yangu kasimama hapa sasa hivi, anakuuliza mumewe ni mwizi, wewe ukamwambia mambo ni magumu."

"Nilishindwa kusema."

"Kumwita mwizi ulishindwa? Huko ulimi ulikuwa na mafuta." Akamtupia kile kizibo mapajani. "Mimi sina la kukushauri. Ila hizo bahasha zikifika tano humu ndani, utapika mwenyewe."

Usiku huo sonara aligeuka upande huu na upande ule, na mkewe, ambaye hakulala pia, hakumwuliza anageukia nini.

*

Jumamosi iliyofuata Mwalimu na Nesi walimkuta kiwandani bila bunduki. Alikuwa na mfuko wa plastiki tu.

"Leo hatupigi," akasema. "Twendeni kwa fundi baiskeli."

"Kuna nini? Kakataa kulipa?" Nesi akauliza.

"Twendeni tu. Nilimsema mbele yenu."

Njiani hakusema lingine, na Nesi alijaribu mara tatu.

Fundi baiskeli alikuwa amechuchumaa, gurudumu lipo juu ya magoti, analizungusha na kukaza njiti moja moja. Aliwaona wote watatu wakiingia, akaendelea kuzungusha. Mkewe alikuwa kwenye kizingiti cha nyuma, anafagia.

"Shemeji," sonara akasema.

"Ya nne haijatimia," fundi akasema bila kuinua macho. "Nina kumi na sita. Utapata jioni."

"Sikuja kudai." Akatoa kile kizibo, akakiweka juu ya kisanduku cha vifaa, mahali pa kuonekana na wote. "Risasi ulizonirudishia zilikuwa zangu. Zote mia. Bunduki ndiyo ilikuwa mbovu, na niliiua mwenyewe. Nilitia mafuta kwenye risasi, yakawaka ndani, kizibo kikaungua. Nilijua Jumatatu ile ile baada ya ugomvi. Rekodi ile, Mwalimu, niliipiga kwa risasi zile zile alizonirudishia, nilizosema si zangu. Nimekaa nalo mwezi mzima." Kisha akageuka kizingitini. "Mdogo wangu, hakuchukua kitu. Uliniuliza nikakudanganya kwa kunyamaza."

Ufagio ukasimama. Mdogo wake alimtazama, akamtazama mumewe, akaingia ndani. Alirudi na viti viwili. Kimoja akampa Mwalimu, kingine akampa Nesi. Kaka yake akamwacha amesimama.

Gurudumu lilikuwa bado linazunguka kwa nguvu zake lenyewe, tik, tik, tik, mpaka likachoka.

"Mafuta gani?" fundi baiskeli akauliza mwishowe.

"Ya cherehani."

"Matone mangapi?"

"Moja kwanza. Baadaye mawili."

"Mawili!" Mwalimu akashindwa kuvumilia. "Kwa bunduki ya springi? Hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani..."

"Mwalimu, kaa kimya," Nesi akasema, lakini macho yake yalikuwa chini. Akamgeukia fundi baiskeli. "Na mimi nilisema kumbe. Hukuwepo, lakini nilisema. Nisamehe, kaka yangu."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Kile kizibo alikiokota, akakigeuzageuza kwa vidole vyake vyeusi, akakinusa. Uso wake haukuonyesha hasira wala cheko. Ulikuwa uso wa fundi anayetazama kazi iliyoharibiwa na mtu asiye fundi. Kisha akajifuta mikono kwa kitambaa, akanyoosha kiganja.

"Nipe zangu."

Sonara akatoa bahasha tatu kwenye mfuko wa plastiki. Fundi baiskeli akatwaa kifuniko cha kopo la grisi, akakifuta kwa kitambaa, akazimwaga humo, akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, moja moja, akizisogeza kwa ncha ya bisibisi kutoka upande huu kwenda ule. Hakuharakisha. Mteja alikuja na tairi lake, akaambiwa asubiri. Sonara alisimama pale kati ya baiskeli zilizopinduliwa, mikono haijui iende wapi, akasikiliza kila namba kama mtu anayesomewa hukumu.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa." Bisibisi ikasimama. "Zilikuwa sitini."

Joto likampanda sonara mpaka masikioni. Nesi akafunika uso kwa mkono.

"Moja niliipiga," akasema. "Ya bahasha ya kwanza. Nilitaka kuona."

Fundi baiskeli akainua macho kwa mara ya kwanza tangu wafike. Kitu fulani kilitembea usoni pake, kikashindana na kingine.

"Ilikwendaje?"

"Katikati, shemeji. Katikati kabisa."

"Hatua ngapi?"

"Kumi na nane. Uani kwangu."

Fundi akazirudisha zile hamsini na tisa kwenye bahasha, akazikunja midomo, akazipanga rafuni nyuma ya makopo ya rangi. Kisha akachuchumaa tena, akalipandisha gurudumu magotini.

"Hiyo moja nimekusamehe," akasema. "Hayo mengine niache kwanza." Akakaza njiti, akazungusha, akasikiliza. "Hebu nishikie hapa, linayumba."

Sonara akachuchumaa, akashika.